Viatu viwili vya mguu wa kushoto: barua ya wazi kuhusu usiku wa kwanza wa mtoto

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Kamishna wa Ustawi wa Jamii,
na Wakurugenzi wa Halmashauri zote nchini.

YAH: MAMBO MADOGO ANAYOSTAHILI MTOTO ANAYEONDOLEWA KWAO

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu ya kazi.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu ambao wameshakua na kuondoka nyumbani, na naishi katika mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini. Mji siutaji, na jina la mtoto hamtaliona humu, maana haya nitakayoyasimulia ni yao, mimi nimeyaazima tu. Tangu mwaka 2018 ni mlezi wa kuaminika. Afisa ustawi ananipigia, aghalabu usiku, anasema, "Mama, nina mtoto hapa polisi, dawati la jinsia na watoto, utaweza kumpokea?" Sijakata simu nimeshabandika maji ya kuoga. Nimepokea watoto 11 mpaka sasa. Mmoja alikaa siku 4, mwingine mwaka mzima na miezi 2.

Nawaandikia kuhusu usiku wa kwanza.

Wa kwanza kuletwa kwangu alikuwa binti wa miaka 7. Ilikuwa mwezi wa sita, na aliyewahi kulala Njombe au Makambako mwezi wa sita hahitaji kuelezwa baridi yake. Saa nne usiku gari la polisi likasimama nje. Akashuka amevaa sketi ya shule, fulana, na kandambili za mtu mzima. Nyuma yake afisa amebeba kiroba cha salfeti kilichokuwa cha mbolea, na harufu ya mbolea bado imo. Nikampa uji, hakugusa. Nikafungua kiroba nimtafutie cha kulalia. Mlikuwa na sweta, gauni la sikukuu lililokwisha kuwa fupi, daftari la hisabati, na viatu viwili vyeusi vya shule. Vyote viwili vya mguu wa kushoto. Kimoja chake. Kingine kidogo, cha mtoto wa miaka 3 au 4.

Mgambo aliyefungasha hakuwa mtu mbaya. Alifungasha gizani, kwa tochi ya simu, huku mtu mzima mwenye panga anatukana uani. Mkono ulikamata kilichokuwa karibu.

Binti akaviona. Akakichukua kile kidogo, akakigeuzageuza, akasema, "Hiki cha mdogo wangu. Sasa yeye kesho atavaa nini?" Nikamuuliza mdogo wake yuko wapi. Hakujua. Nami sikujua kama kuna mdogo. Kumbe mtoto wa kiume alikuwa amepelekwa usiku uleule kwenye makao ya watoto, wilaya nyingine, kwa sababu kwenye fomu yangu iliandikwa nafasi ya mtoto mmoja. Hakuna aliyeniuliza kama ningeweza kuwachukua wote wawili. Ningeweza. Kitanda kilikuwa kimoja, lakini kilikuwa cha futi nne.

Ilichukua wiki tatu kuyapata makao hayo kwa simu. Mama aliyepokea, nilipomweleza, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Ndiyo maana. Huyu alikuja na viatu viwili vya kulia." Nikakifunga kile cha kushoto kwenye gazeti, nikakipeleka stendi. Kondakta akauliza mzigo gani, nikamwambia ni kiatu kimoja cha mtoto. Akanitazama. Nilipomaliza kumweleza alikataa hela, akakiweka mbele, juu ya dashibodi, na jioni akanipigia yeye mwenyewe kuniambia kimefika. Siku mbili baadaye, kwa basi hilohilo, kikarudi cha binti yangu. Kilikuwa kimeshaanza kumbana kidole, lakini alikivaa hivyohivyo muhula mzima na mimi sikumkataza.

Waheshimiwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni sheria nzuri. Nimeisoma, kalamu mkononi. Kifungu cha 4 kinataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Kifungu cha 94 kinazibebesha serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa kila mtoto aliye kwenye eneo lao. Zipo kanuni za mwaka 2012 za malezi ya kambo, yaani mtoto kulelewa na familia isiyo yake, upo MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, yapo madawati ya jinsia na watoto, ipo simu ya bure 116, ipo Mahakama ya Watoto. Karatasi zinasema nani ana mamlaka ya kumwondoa mtoto, nani aandike ripoti, nani atoe amri. Ila kati ya saa mtoto anapotolewa mlangoni kwao na saa anapojifunika blanketi langu, karatasi zimenyamaza. Hapo mtoto ameachwa kwenye huruma ya yeyote aliyekuwa zamu usiku huo. Nimekutana na watu wa zamu wenye huruma kubwa sana. Nimekutana pia na wengine.

Naomba basi karatasi ziseme. Na kitu cha kwanza ziseme ni begi.

Najua wengi watadhani nimepungukiwa la kuomba. Mtoto kapigwa, kaachwa, kafiwa, mimi naomba begi. Lakini nimewatazama watoto 11 wakiingia mlangoni kwangu. Waliokuja na kiroba walikiweka mlangoni na kukaa karibu nacho, kama mzigo unaosubiri kubebwa tena. Zamani ilikuwa mifuko ya rambo; tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019 ni viroba, au khanga iliyofungwa fundo. Mtoto anajua takataka hubebwa na nini na mbolea hubebwa na nini. Haelezwi, anajua. Siku moja nilimnunulia kijana wa miaka 10 lile begi la mistari tunaloliita shangazi kaja. Si begi la maana, mnalijua, linauzwa kila stendi. Aliomba kalamu ya wino mzito akaandika jina lake pande zote mbili. Kisha akapanga humo nguo zake tatu, akafunga zipu, akafungua, akapanga upya. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiimba.

Nikaanza kuweka begi tayari chini ya kitanda. Ndani naweka blanketi, sabuni, mswaki na dawa yake, taulo, chupi mpya mbili, kandambili, daftari na kalamu. Mara ya mwisho nilinunua vyote kwa shilingi 46,500 sokoni kwetu. Kwangu ni hela nyingi, ni sare mbili za kushona na kupiga pasi. Kwa halmashauri si hela ya kuitishia kikao. Halmashauri hizohizo zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na ni jambo jema, nimewahi kunufaika nayo kupitia kikundi chetu. Fungu la mabegi 20 kwa mwaka, yakakaa kabatini kwa afisa ustawi na mengine pale dawatini, halitafilisi wilaya yoyote. Na vikundi vya mafundi kama sisi tunaweza kuyashona, mkitupa kitambaa. Naahidi hili kwa maandishi.

Cha pili hakina bei. Ni kumwambia mtoto anakokwenda.

Kijana mmoja aliletwa alfajiri. Nilipompa chai alishika kikombe kwa mikono miwili, akaangalia nondo za dirisha langu, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, hapa ni jela?" Nikastuka. Nikamwambia hapana mwanangu, hapa ni nyumbani kwangu. Ikabidi nimuulize kwa nini anadhani ni jela. Akanijibu vizuri kabisa, kwa mpangilio: polisi walikuja, wakampandisha yeye kwenye gari, wakampeleka yeye kituoni, wakamwandika jina. Baba yake wa kambo, aliyemchoma mkono kwa pasi, alibaki nyumbani. Kwa hesabu ya mtoto wa miaka 8, aliyekamatwa ni nani?

Dakika kumi zingetosha. Mtu achuchumae, macho yake yalingane na ya mtoto, aseme: hujafanya kosa lolote. Unakwenda kwa mama fulani. Ana mbwa, lakini amefungwa. Utalala chumba kimoja na wajukuu wake. Shule utakwenda Jumatatu. Mimi nitakuja kukuona Alhamisi. Kisha Alhamisi aje kweli, au apige simu kusema kwa nini hakuja. Mtoto aliyedanganywa na wazazi hukumbuka siku za wiki kuliko kalenda.

Na hapa niseme jambo kuhusu hilo neno kambo. Kwenye sheria linaeleweka, sina ugomvi nalo huko. Lakini kila mtoto wa nchi hii amelala akisimuliwa habari za mama wa kambo, na katika hadithi hizo sijawahi kusikia mama wa kambo aliyempa mtoto chakula cha moto. Halafu afisa anamwambia mtoto mwenye hofu, "Tunakupeleka kwenye malezi ya kambo." Yule kijana wa pasi ndiye aliyenifungua macho. Wizara yenu haishindwi kuwapa maofisa neno la kumwambia mtoto mdomoni, hata kama kwenye fomu litabaki lile la kisheria. Mimi nawaambia, "Umekuja kwenye familia ya kukupokea." Wanalielewa.

Sasa nikiri kosa langu, kwa sababu siwaombi ninyi tu mjirekebishe.

Mwaka 2021 niliachiwa mtoto wa miaka 4 ambaye mama yake alikuwa amefariki siku 9 kabla. Alikuja amefungwa kwenye kitenge cha mama yake, cha kijani, kimechakaa. Kilikuwa kichafu, kina matope na kimekojolewa. Nikamwogesha, nikamvika nguo safi, akalala. Usiku huohuo nikakiloweka kitenge kwa sabuni ya unga, asubuhi nikakifua na kukianika, nikijiona mlezi hodari. Alipoamka akakitafuta. Nikamwanulia, kikiwa bado na unyevu. Akakiweka puani. Akakinusa pembe zote nne, moja baada ya nyingine. Halafu akakiangusha chini na hakukigusa tena.

Hakulia hata kidogo, na mpaka leo nikikumbuka ule utulivu wake nashindwa kuendelea na kazi.

Hakuna aliyekuwa amenifundisha. Mafunzo yetu ya siku tatu yalikuwa mazuri: dalili za ukatili, namna ya kutoa taarifa, haki na wajibu. Hayakuwa na sentensi moja inayosema: usifue kitu alichokuja nacho mpaka yeye mwenyewe akubali. Iongezeni. Iongezeni na nyingine, kwamba anayekwenda kumchukua mtoto amuulize, "Unataka tubebe nini?" na akibebe kile alichotaja, hata kama ni kidumu cha lita tano au kopo la rangi lenye gololi. Nimewahi kumpokea mtoto aliyekuja na kuku. Mtendaji wa kata alimruhusu. Namwombea baraka mtendaji huyo hadi leo, maana mtoto alikuwa na sababu ya kuamka mapema na kutoka nje kila asubuhi.

Ibara ya 20 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, inasema mtoto aliyetengwa na familia yake asikatiwe mwendelezo wa malezi yake, ikitaja dini, utamaduni na lugha. Nilidhani hayo ni mambo ya watu wa mikutano. Kisha nikamkaribisha binti kutoka kijiji cha ndani, siku sita hasemi neno. Kiswahili alikisikia, hakijibu. Siku ya saba bibi jirani, anayeniuzia mboga za maboga, akapita na ungo kichwani, akamtupia salamu kama anavyomsalimia kila mtu: "Kamwene!" Mtoto akaitikia hapohapo, "Kamwene," kisha akashtuka kwa sauti yake mwenyewe. Tangu hapo bibi yule alipita kila jioni, hata siku ambazo hakuwa na mboga. Alikuwa anakaa kizingitini, wanachambua maharage, wanaongea yao. Serikali haikumlipa bibi huyo wala haikumjua. Ninachoomba ni kwamba kwenye fomu ya kumleta mtoto pawe na mstari mmoja: anaongea lugha gani, anasali wapi, usiku analala na taa au bila taa, kuna dawa anazotumia. Na kadi yake ya kliniki ibandikwe hapo. Mtoto mmoja wa dawa za kila siku alikaa kwangu siku mbili bila kumeza chochote, kwa kuwa kadi ilibaki kwenye droo ya ofisi. Sitasema zaidi kuhusu hilo, afisa mhusika aliniomba radhi na nilimwelewa.

Kuhusu maofisa ustawi wenyewe, tafadhali msije mkaisoma barua hii kama mashtaka dhidi yao. Kata nyingi hazina afisa wake. Mmoja anahudumia eneo ambalo bodaboda inalizunguka kutwa nzima, na mafuta anajaza kwa mshahara wake. Yule aliyeniletea binti wa viatu alikuwa hajala tangu asubuhi. Alikula ule uji alioukataa mtoto, akiwa amesimama, akaondoka kwenda kwenye kesi nyingine. Mnapomnyima hela ya mafuta, Alhamisi aliyoahidiwa mtoto haifiki.

Jambo moja sasa nalisema kwa uchungu, na ninyi viongozi ndio mnaoweza kulikomesha kwa waraka wa ukurasa mmoja. Picha. Juni 16 ikikaribia, Siku ya Mtoto wa Afrika, au mwisho wa mwaka, wanakuja wageni na mchele, mafuta ya kula, sabuni za miche, na kamera. Tunashukuru kwa mchele. Lakini mtoto anapangwa mbele, anashikishwa ndoo, anaambiwa atabasamu, na jioni uso wake uko kwenye simu za mji mzima. Wa kwangu mmoja aliitwa shuleni "mtoto wa msaada" mpaka nikamhamisha mkondo. Baba aliyemfanya mama yake akimbie nyumbani naye ana simu, naye aliiona picha, na kwa hiyo akajua mtoto yuko mji gani. Tulilala wiki nzima mwenyekiti wa mtaa akizungushia ulinzi nyumba yetu. Anayetaka kutoa atoe, picha apige ya magunia.

Wema ninaoukumbuka mimi haukupigwa picha. Mwalimu wa darasa la tatu aliyemkalisha mtoto wangu karibu na mwanawe mwenyewe, na siku ya insha ya "Familia yangu" akabadilisha kichwa kikawa "Mti ninaoupenda". Fundi viatu wa stendi anayeshona viatu vya watoto wangu bila kuuliza wametoka wapi. Mwenye genge anayesema "chukua, utalipa," kisha anasahau kwa makusudi. Watu hawa wapo kila mtaa wa nchi hii, wanachosubiri ni kuambiwa kwamba kuna mtoto. Mabango yetu yanahimiza watu watoe taarifa za ukatili, na ni sawa. Hakuna bango hata moja nililowahi kuliona linaloeleza jirani afanye nini mtoto akishaletwa kwenye nyumba ya pili kutoka kwake.

Watoto hawa, wengi wao, wana mzazi aliye hai au bibi, shangazi, mjomba mahali fulani, na lengo ni warudi kwa watu wao pale palipo salama. Nakubaliana na lengo hilo kwa moyo wote, hata linaponiuma. Wanapoondoka kwangu huondoka na begi lao, na ndani naweka daftari nililoandika kwa mkono: anapenda uji usio na sukari, anaogopa radi, anajua kuhesabu mpaka mia moja, jino la mbele liling'oka tarehe fulani. Nampa afisa nakala. Mara mbili nimepigiwa simu na bibi wa mtoto akiniuliza kitu kilichomo. Mkiona inafaa, lifanyeni daftari hilo liwe la kila mtoto, na liwe mali yake.

Yule binti wa viatu sasa ana miaka 14. Anaishi na shangazi yake, pamoja na mdogo wake, nyumba moja. Likizo iliyopita walikuja wote kunisalimia. Kijana kashakua mrefu, anavaa namba 38. Nilimuuliza kama anakikumbuka kile kiatu kilichosafiri kwa basi. Akasema anamkumbuka kondakta, maana alimletea hadi mlangoni na kumwambia, "Dada yako anakusalimia."

Nimeandika haya usiku, na simu iko pembeni. Begi liko chini ya kitanda, ila halijakamilika: limebaki blanketi, nitalinunua Jumamosi. Nakala ya barua hii nimempa afisa ustawi wetu, na namba yangu anayo, kama mtahitaji kuniuliza lolote au kunitumia kitambaa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama mlezi wa kuaminika,
Nyanda za Juu Kusini.